Jonathan Coe na Swali la Kicheko: Je, Tashtiti Humuuma Mtawala au Humkuna?

Mwaka 2013 Jonathan Coe alihakiki kitabu kilichokusanya vichekesho na misemo ya Boris Johnson, ambaye wakati huo alikuwa Meya wa London. Kwa karibu miaka 20, Waingereza walipoulizana ni nani kati ya waandishi wao wa riwaya anayejua kuwacheka wakubwa, jina la Coe lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kutajwa. Mtu angetarajia amchane Johnson vipande. Badala yake, makala aliyoitoa katika jarida la London Review of Books ilikigeukia kicheko chenyewe. Alisema kwamba tangu miaka ya 1960 Waingereza wamezoea kuwacheka wanasiasa wote kwa mkumbo, wema na waovu, hadi kicheko kimekuwa mahali pa kukimbilia mtu anapochoka kufikiri. Ukishacheka, unajiona umeshafanya jambo. Na mwanasiasa mjanja akilijua hilo, anajicheka yeye mwenyewe kabla hujamwahi. Baada ya hapo huna la kumfanya.

Kichwa cha makala hiyo kilitokana na maneno ya Peter Cook, mchekeshaji aliyefungua klabu ya tashtiti, yaani kejeli inayowalenga wakubwa, mjini London mwaka 1961 na aliyeonya kwamba nchi yake ilikuwa hatarini kuzama baharini huku ikichekelea. Cook huyohuyo ndiye aliyezoea kuzitaja kwa kejeli kabareti za Berlin za kabla ya vita, zile zilizofanya kazi kubwa sana ya kumzuia Hitler. Miaka sita baada ya makala ya Coe, Johnson aliingia Ikulu ya Downing Street akiwa Waziri Mkuu. Sehemu kubwa ya umaarufu wake aliupata katika kipindi cha vichekesho cha televisheni, alikoanza kualikwa mwaka 1998 na alikotaniwa mpaka akapendwa.

Kwa hiyo tuna mwandishi aliyejenga maisha yake juu ya tashtiti na ambaye, katikati ya safari, alisema hadharani kwamba huenda tashtiti inamsaidia yule inayemlenga. Swali hilo si la Coe peke yake, lakini ni vigumu kumpata mwandishi mwingine wa zama hizi ambaye vitabu vyake vinatuwezesha kulipima kwa karibu hivi. Alikuwa na pande zote mbili za hoja ndani yake. Nadhani bado anazo.

Coe alizaliwa Agosti 1961 kusini mwa Birmingham, upande wa Bromsgrove, pale mji unapoishia na vilima vya Lickey vinapoanza. Karibu na vilima hivyo kilikuwepo Longbridge, kiwanda kikubwa cha magari kilichoajiri maelfu ya watu. Si mbali na hapo kuna Bournville, kijiji ambacho familia ya Cadbury ilikijenga kwa ajili ya wafanyakazi wake wa chokoleti. Alisoma shule ya King Edward's mjini Birmingham, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha Warwick, alikohitimu shahada ya udaktari mwaka 1986. Tasnifu yake ilihusu Tom Jones, riwaya ya Henry Fielding ya karne ya 18, na namna tashtiti na huruma zinavyokaa pamoja katika sauti ya msimulizi mmoja anayeingilia hadithi. Kijana wa miaka 25 alikuwa ameshaligundua tatizo litakalomsumbua miaka 40: utamchekaje mtu na papo hapo umwonee huruma?

Riwaya zake tatu za mwanzo, zilizotoka kati ya 1987 na 1990, zilisomwa na wachache. Alipiga muziki katika bendi ndogo, akaandika wasifu wa waigizaji Humphrey Bogart na James Stewart ili apate riziki. Kisha, mwaka 1994, ikatoka What a Carve Up!

Riwaya hii inahusu ukoo wa akina Winshaw wa Yorkshire. Thomas ni mtu wa benki. Henry ni mwanasiasa aliyeanzia chama cha Labour akaishia kuwa mtumishi mwaminifu wa Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa chama cha Wahafidhina, na ndiye anayeshughulika na mpango wa kuingiza mambo ya soko katika Huduma ya Taifa ya Afya. Dorothy anafuga kuku na ng'ombe kwa mtindo wa kiwanda na kuwalisha watu chochote kinachouzika. Mark anamuuzia Saddam Hussein silaha. Roddy anacheza na soko la sanaa kwa manufaa yake. Hilary anaandika safu gazetini, na juma hili anaweza kusema kinyume cha alichosema juma lililopita bila hata kukumbuka. Mwandishi mmoja mnyonge, Michael Owen, ameajiriwa aandike historia ya ukoo huo. Mwishoni, Januari 1991, usiku ule mabomu yanapoanza kudondoka Baghdad, ukoo unakutana katika jumba lao la kale na wanauawa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa namna inayofanana na dhambi yake.

Wakati kitabu kinatoka, Uingereza ilikuwa katikati ya uchunguzi rasmi wa Jaji Scott kuhusu biashara ya silaha na Iraq. Uchunguzi huo ulianza baada ya kesi ya kampuni ya Matrix Churchill ya Coventry kuvunjika mwaka 1992, na ripoti yake haikutoka hadi 1996. Msomaji wa 1994 hakuwa na haja ya kuambiwa Mark Winshaw anafanana na nani.

Wanaoamini kwamba tashtiti inauma wana ushahidi mzuri katika kitabu hiki, na si kwa sababu ya yale mauaji. Nguvu yake iko katika kuunganisha. Magazetini, habari za hospitali zilikuwa ukurasa mmoja, za silaha ukurasa mwingine, za ugonjwa wa ng'ombe ukurasa wa tatu, na za benki nyuma kabisa karibu na michezo. Coe akawafanya wote ndugu wa damu. Wanakula meza moja, wanapigiana simu, wanafanyiana hisani. Msomaji anayemaliza kitabu hawezi tena kuzisoma habari hizo kama mambo manne yasiyohusiana. Hilo takwimu haliwezi kulifanya, na hotuba ya mpinzani bungeni mara nyingi hailifanyi. Riwaya ililifanya kwa sababu ilikuwa na hila ya ukoo mmoja.

Wanaoamini kinyume wanayo hoja pia, na mimi naiheshimu. Ukiuweka uovu wote wa nchi ndani ya jumba moja lenye watu saba au wanane, umempumzisha msomaji. Thatcher alishinda uchaguzi mara tatu: 1979, 1983 na 1987. Hakuchaguliwa na akina Winshaw. Alichaguliwa na mamilioni ya watu wa kawaida, wakiwemo wafanyakazi wa viwandani waliopewa nafasi ya kununua nyumba za halmashauri walizokuwa wamepanga. Watu hao hawamo katika kitabu. Msomaji mwenye siasa za kushoto anafunga ukurasa wa mwisho akiwa amechinjiwa maadui zake wote, akiwa msafi. Kisha anapika chai.

Hata hivyo hoja hiyo inamsahau Michael Owen. Kwa miaka mingi Michael amekaa ndani ya nyumba yake London, rimoti mkononi, akirudia kutazama kipande kilekile cha filamu ya zamani ya vichekesho aliyoiona utotoni. Hatoki nje wala hazungumzi na mtu. Anaisimamisha picha, anaiachia, anairudisha nyuma. Kitabu kinajua kwamba mtazamaji naye ana sehemu yake katika yanayotokea, na kinamwadhibu: Michael hanusuriki.

Halafu kuna Fiona. Huyu ni jirani wa Michael, mwanamke mpole aliyebisha hodi akitafuta wafadhili wa mbio za baiskeli za hisani, na taratibu akamtoa Michael katika ubaridi wake. Ana uvimbe shingoni. Daktari anaona si kitu. Miadi inaahirishwa, karatasi zinapotea, anaandikiwa tena. Mwisho wa mwaka 1990 hali yake inakuwa mbaya na Michael anampeleka hospitali. Hakuna kitanda. Fiona anawekwa kwenye machela, watu wanapita, saa zinakwenda. Daktari wa zamu ni kijana aliyechoka ambaye si mtu mbaya hata kidogo. Wauguzi nao si wabaya. Kila mmoja anaomba radhi. Dawa iliyopaswa kutolewa mapema inachelewa. Fiona anakufa.

Katika kurasa hizo hakuna utani hata mmoja. Coe, anayeweza kukuchekesha kwa ratiba ya treni, anaandika kama karani wa hospitali: saa, kitanda, jina la dawa, nani alikwenda kumwita nani. Msomaji anakumbuka kwamba kurasa mia kadhaa nyuma alikuwa akicheka maneno ya Henry Winshaw kuhusu ufanisi na bajeti za hospitali. Kicheko kile sasa kinamrudia vibaya kooni. Kwangu hapo ndipo kitabu kinapouma, na hapo ndipo napata jibu langu kwa swali la 2013: tashtiti ya Coe inafanya kazi inapojua mahali pa kunyamaza. Anayecheka mwanzo hadi mwisho bila kusimamishwa ndiye aliyekunwa tu.

Kwa kipimo hicho tunaweza kuvisoma vitabu vyake vingine, na matokeo hayalingani.

The Rotters' Club, ya mwaka 2001, inarudi Birmingham ya miaka ya 1970: migomo ya Longbridge, muziki wa roki, shule inayofanana sana na aliyosoma mwenyewe. Tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yalilipuka katika baa mbili za mji huo, na watu 21 wakafa. Ndani ya riwaya, dada mkubwa wa mhusika mkuu, Lois Trotter, yuko baa usiku huo na mchumba wake Malcolm, ambaye alikuwa karibu kabisa kumposa. Sura za kabla ya hapo zilikuwa nyepesi, za mapenzi na nywele ndefu. Ni mbinu ileile ya Fiona, na Lois anabaki na jeraha hilo katika vitabu viwili vinavyofuata, zaidi ya miaka 40 ya maisha yake. Wengi wanaikumbuka riwaya hii kwa sentensi moja yenye maneno 13,955 karibu na mwisho, kijana mwenye furaha asiyetaka kuweka nukta. Ni jambo la kupendeza, lakini si sababu ya kukisoma kitabu.

Sababu kubwa zaidi, kwa mada yetu, ni mvulana anayeitwa Sean Harding. Yeye ndiye mcheshi wa shule. Hakuna anayejua anaamini nini, kwa kuwa kila kitu kwake ni mchezo. Katika uchaguzi wa mzaha wa wanafunzi anajifanya mgombea wa National Front, chama cha wabaguzi wa rangi kilichokuwa na wafuasi wakati huo, na watu wanavunjika mbavu. Shuleni hapo kuna mwanafunzi mmoja tu mweusi, Steve Richards, na vicheko hivyo vinafanyika mbele yake. Wenzake wanasema Harding anawakejeli wabaguzi. Katika The Closed Circle, riwaya iliyofuata mwaka 2004, tunakutana na Harding mtu mzima, na amejichimbia kwenye siasa za mrengo mkali wa kulia. Iwe alikuwa akimaanisha tangu mwanzo au mchezo ulimzoesha polepole, Coe anaiacha hoja hiyo itusumbue.

Makala ya 2013 haikumwangukia ghafla, basi. Karibu miaka kumi kabla yake alikuwa ameshamwandika mtu ambaye utani ulikuwa mlango wake wa kupitishia sumu, na kundi zima la vijana wenye akili walioshindwa kuiona kwa sababu walikuwa wakicheka. Nadhani Harding ni hoja yenye nguvu kuliko makala yenyewe. Makala inalaumu kicheko kwa jumla. Riwaya inatuonyesha nani anagharamia: Steve.

The Closed Circle inagusa jambo jingine ambalo upande wa wenye mashaka hulitumia. Wahafidhina waliondolewa madarakani mwaka 1997. Kama tashtiti ya miaka ya Thatcher ilikuwa na jeuri yoyote, hapo ndipo matunda yake yangeonekana. Coe anaandika kuhusu serikali ya Tony Blair na anakuta lugha ileile ya soko, vita vingine Iraq mwaka 2003, na Longbridge inayokata roho. Kampuni ya BMW iliamua kuachana na Rover mwaka 2000, na mwaka 2005 kiwanda kikafungwa, watu wapatao 6,000 wakapoteza kazi. Mbunge kijana wa Labour katika kitabu, Paul Trotter, angekaa vizuri kwenye meza ya akina Winshaw. Ni ushahidi mzito. Lakini kumdai mwandishi wa riwaya aiangushe serikali, na juu yake airekebishe ile inayofuata, ni kumtwika mzigo ambao hata vyama vya wafanyakazi vyenye mamilioni ya wanachama vilishindwa kuubeba katika miaka hiyohiyo.

Mwaka 2015 alirudi kwa akina Winshaw kwa riwaya ya Number 11, na humo akaliingiza swali lenyewe ndani ya hadithi: polisi mmoja kijana anachunguza vifo vya wachekeshaji wa jukwaani, na nyuma yake iko hasira ya mtu anayeamini kwamba wachekeshaji wa siasa wanawapumbaza wananchi. Sehemu hiyo ni ya werevu, lakini haikunigusa. Kilichonigusa ni Val, mwimbaji aliyewahi kuwa na wimbo mmoja uliovuma, ambaye sasa anafanya kazi maktaba na saa zake za kazi zinapunguzwa kwa sababu bajeti za halmashauri zimekatwa. Birmingham ina basi nambari 11 linalouzunguka mji mzima na kurudi lilikoanzia. Val anapanda basi hilo akiwa hana pa kwenda. Anakaa humo kwa sababu kuna joto, na nyumbani hawezi kulipia gharama za kupasha nyumba. Anazunguka. Baadaye anaingizwa katika kipindi cha televisheni cha kuwadhalilisha watu mashuhuri msituni, taifa zima linamcheka, na sisi tuliokaa naye ndani ya basi hatuwezi kucheka pamoja nao.

Ndipo ikaja kura ya maoni. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walichagua kutoka Umoja wa Ulaya (Brexit) kwa asilimia 51.9 dhidi ya 48.1. Birmingham, ambao wengi walidhani ungebaki, uliegemea kutoka kwa asilimia 50.4. Middle England ilitoka 2018 na ikampa Coe tuzo ya Costa ya riwaya na Tuzo ya Kitabu ya Ulaya, zote za mwaka 2019. Ni kitabu kinachopendwa sana nje ya Uingereza, hasa na wasomaji wa bara la Ulaya waliotaka mtu awaeleze kimetokea nini. Pia ndicho kinachogawanya watu zaidi.

Lawama ya kwanza ni kwamba kimeandikwa na mtu aliyetaka kubaki, kwa wasomaji waliotaka kubaki. Ukiangalia mazungumzo ya mwandishi wa habari Doug na Nigel, kijana msemaji wa serikali ya David Cameron, lawama hiyo ina ukweli. Wanakutana mkahawani mara kwa mara, Nigel anajikanganya kwa tabasamu, Doug anashangaa, sisi tunacheka. Kila mara ni hivyohivyo. Nigel hana mtu anayemuumiza mbele ya macho yetu. Hakuna Fiona upande wa pili wa meza. Hiki ndicho kicheko ambacho Coe mwenyewe alikilaani miaka mitano kabla, na nasikitika kukikuta humo kimepewa kurasa nyingi.

Lawama ya pili inatoka upande wa kushoto nayo ni tofauti: kwamba Coe amekuwa mlaini, anawatafutia udhuru watu wenye chuki. Hapa wanamtaja Helena, mama mkwe wa mhusika anayeitwa Sophie, mjane mwenye adabu zake anayeishi kijijini, anayeamini kwamba Enoch Powell alisema kweli. Powell ni yule mbunge ambaye tarehe 20 Aprili 1968, Birmingham hapohapo, alitoa hotuba ya kuwatisha Waingereza kuhusu wahamiaji. Je, mwandishi anapomwekea mtu wa namna hiyo bustani, upweke, mapenzi kwa mwanawe na hofu za uzee, anamsafisha?

Sidhani, na sababu yangu ni tukio moja. Helena ana msaidizi wa nyumbani, Grete, mwanamke kutoka Lithuania, ambaye amekuwa mwema kwake. Siku moja Grete anatukanwa na kusukumwa na mtu kwa sababu tu alikuwa akizungumza lugha yake kwenye simu. Helena alikuwepo, aliona. Grete anakuja kumwomba awe shahidi. Helena anamsikiliza kwa heshima zote, hapandishi sauti, na anakataa, akimshauri kwamba labda ingekuwa bora yeye na mumewe wakarudi kwao. Mwandishi angemfanya Helena kikaragosi, tungemcheka tukaenda zetu. Kwa kuwa tumeshakaa naye na tumeshamhurumia, kukataa kwake kunatuumiza kama kwa mtu wa familia. Huruma hapa imekaza hukumu. Kijana wa tasnifu ya 1986 angefurahi.

Mwanawe Helena, Ian, anafundisha kozi za madereva waliokamatwa kwa mwendo kasi. Huko ndiko alikokutana na Sophie, mwalimu wa historia ya sanaa. Ian anakosa cheo, kinachukuliwa na mwenzake Naheed, na kinyongo kinaanza. Baada ya kura, ndoa inatetereka hadi wanakwenda kwa mshauri wa ndoa. Kila mmoja anaulizwa kwa nini kura ya mwenzake imemuuma hivyo. Sophie anasema imemwonyesha mume asiye na moyo mpana kama alivyodhani. Ian anasema imemwonyesha mke anayejiona bora kuliko watu wengine. Hakuna aliyetaja Ulaya. Nimesoma uchambuzi mwingi wa Brexit, wa kitaalamu na wa magazeti, na ni mchache uliosema mengi katika nafasi ndogo kama hiyo. Na Sophie hatoki salama: maneno yake mwenyewe ya haraka darasani yanamponza chuoni, na Coe anaicheka ile pupa ya vijana wa kushoto ya kuadhibu. Anayesema kitabu kinawapiga wa upande mmoja tu hajakisoma chote.

Humo pia mzee Colin Trotter, aliyefanya kazi Longbridge maisha yake yote, anamwomba mwanawe Benjamin ampeleke akakione kiwanda. Kiwanda hakipo. Kuna uwanja mpana na maduka. Mzee anauliza nchi isiyotengeneza kitu italipa vipi inachonunua, na mwanawe, msomi wa Oxford, hana jibu. Mwandishi wa 1994 asingempa mzee wa aina hiyo, ambaye hakubaliani naye kwa mengi, swali zuri kuliko yote kitabuni.

Bournville, ya 2022, inaifuata familia moja kuanzia siku ya ushindi wa vita 1945 hadi miaka 75 baadaye, ikisimama kwenye sherehe kubwa za kitaifa: kutawazwa kwa malkia 1953, fainali ya Kombe la Dunia 1966, harusi ya Charles na Diana 1981, mazishi ya Diana 1997. Humo Boris Johnson anaonekana kijana, mwandishi wa habari mjini Brussels akitunga visa kuhusu Umoja wa Ulaya wakati wa mvutano mrefu juu ya chokoleti ya Kiingereza. Kurasa hizo zinachekesha, na tatizo la Nigel linajirudia: Johnson akiwekwa kwenye hadithi ya vichekesho yuko nyumbani kwake. Kisha kitabu kinafika 2020. Bibi wa familia anakufa wakati wa vizuizi vya korona, watoto wake wakiwa mbali naye kwa sababu sheria imekataza kukaribiana. Coe amesema wazi kwamba mhusika huyo alimchota kutoka kwa mama yake, aliyefariki Juni 2020 katika hali hiyo. Mwezi huohuo ndani ya Downing Street kulikuwa na mkusanyiko wa siku ya kuzaliwa ya Waziri Mkuu, ambao miaka miwili baadaye polisi walimtoza faini. Coe halazimiki kumchora Johnson akikata keki. Anamweka tu mwana upande huu, mama upande ule, na sheria katikati, na kila Mwingereza aliyesoma alijua cha kujazia.

Kwa hiyo simwafiki Coe wa 2013 anapokilaumu kicheko kizima, na simwafiki Coe anayeendelea kutuletea vibaraka wa kutuchekesha tu, kina Nigel na Boris. Namwafiki yule wa machela ya Fiona, basi la Val na mlango wa Helena. Riwaya yake ya 2024, The Proof of My Innocence, imetungwa juu ya zile siku 49 za uwaziri mkuu wa Liz Truss mwaka 2022, ikiwa na mwanablogu aliyeuawa kwenye mkutano wa wahafidhina na msichana aliyehitimu chuo anayefunga sushi uwanja wa ndege wa Heathrow. Wahafidhina wake wa mkutanoni ni wepesi, wa kukunwa. Msichana wa sushi, mwenye digrii na asiye na uwezo wa kuhama kwa wazazi wake, angestahili kitabu kizima, na ningekinunua siku kitakapotoka.